Gitaa la Shoto

Mimi samaki simnunui kwa kuambiwa. Asubuhi nikiwa Magara, mitumbwi ikirudi, nambonyeza mukeke tumbo, namfunua shavu, namtazama jicho kwa jicho, na mvuvi akitaka kununa, anune. Ndiyo maana nauza samaki soko la Rumonge na bado natembea kichwa juu. Kwa hiyo niliposikia kwamba Meshaki, mtu mzima mwenye akili zake na shamba lake la michikichi, amenunua gitaa kwa kuangalia picha kwenye simu, nilicheka mpaka nikaweka kisu chini.

Halafu nikakumbuka kwamba muuza magitaa wa mji huu ni mume wangu, nikaacha kucheka.

Mume wangu anaitwa Asmani. Duka lake liko karibu na pale magari ya Bujumbura na Nyanza-Lac yanaposimama. Lina redio, spika, betri, nyaya za kila namna, na ukutani magitaa mawili, moja bovu na moja zima. Nje ya duka kuna benchi, na benchi hilo lina sheria yake. Kitu chochote chenye sauti hakitoki kwa Asmani kabla hakijajaribiwa pale, mbele za watu. Ukitaka redio, unakaa benchini, unaiwasha, na mtaa wote unasikiliza: muuza maandazi, fundi baiskeli, wasafiri wanaosubiri gari lijae. Wakiridhika, Asmani anapaza sauti, "Imepita!" na unakwenda zako. Wasiporidhika, redio inarudi ndani, hata kama wewe mwenyewe umeipenda. Kuna mwalimu mmoja alikatazwa spika na bibi muuza ndizi kwa sababu ilikuwa inakoroma. Aliondoka amevuta mdomo.

Nimemwambia Asmani mara nyingi kwamba biashara haiendeshwi hivyo. Ananijibu:

"Mama Zena, miye siuzake tu kitu. Ni kama vile naoza mutoto. Lazima jamaa yote ikubali."

Zena ni binti yetu mkubwa. Alipoolewa, Asmani alimhoji mkwe wake benchi hilohilo.

Sasa Meshaki. Yeye na mkewe Kornelia ni watu waliorudi kutoka Tanzania, baada ya miaka mingi ya kambini. Wanaongea Kiswahili cha kunyooka, sisi tunawatania kwamba wanasoma habari. Lakini hapo nimesema "wanaongea" kwa heshima tu, maana anayeongea ni Kornelia. Meshaki ukimsalimia anatikisa kichwa. Ukimuuliza habari za mawese, anakuonyesha mawese. Maneno yake yote yako kwenye gitaa, na gitaa anapiga kanisani kwao, kwenye kwaya, nyuma ya ukuta wa duka letu.

Sisi ni Waislamu, kanisani hatuingii, lakini ukuta hauzuii sauti. Kila Jumapili Asmani hubeba lile gitaa zima, akakaa upande wa nyuma, na kumfuatisha Meshaki kimyakimya. Kuna kipande kimoja hasa, ambapo nyuzi nyembamba zinashuka kama mvua kwenye bati, na wakati huohuo besi inatembea taratibu chini yake. Asmani amekifukuzia kipande hicho miaka na miaka na hajakikamata. Hurudi ndani akijichua vidole, na mimi ndiye ninayesikia matusi.

Binti wa Meshaki anaitwa Keren. Siku za likizo alikuwa ananisaidia kupasua samaki, na sijaona mkono mwepesi kama wake, ila ulikuwa mkono wa kushoto. Mama yake akipita, anamchapa kofi la mkononi: "Mkono gani huo?" Keren anahamisha kisu kulia, samaki wanaanza kumteleza, mama akishapita, kisu kinarudi kushoto. Mimi sikumtetea. Kwetu hapa mkono wa kushoto haupewi sifa. Haumpi mtu kitu, haupokei kitu, haumsalimii mtu, na ukimlipa Asmani kwa kushoto, anazirudisha bidhaa zake rafuni.

Basi Keren akapata mchumba, kijana wa watu wa Kabonga, kule karibu na mpaka. Siku ya dote, yaani mahari, ikapangwa. Na dote huku kwetu si ng'ombe tu, ni hotuba. Msemaji wa upande wa mume anaanza na mvua za mwaka, anapitia mababu, anarudi kwenye mvua, ndipo anaomba binti. Na baba wa binti lazima ajibu, kwa maneno yaliyopangwa vizuri, watu wakipima. Meshaki akifikiria siku hiyo alikuwa anakonda. Mwishowe alimwambia binti yake, "Mwanangu, mimi sitasema. Nitapiga." Kulikuwa na wimbo aliokuwa akimpigia kambini, Keren akiwa mdogo, usingizi ukikataa. Huo ndio ungekuwa hotuba yake, na Keren alimshika kwenye ahadi hiyo.

Kisha Tadeo akakalia gitaa la kwaya. Tadeo anaimba besi na ana mwili wa kuibeba besi hiyo. Gitaa lilikuwa kwenye kiti, na Tadeo haangalii kiti kabla ya kukaa, anakiamini.

Siku iliyofuata Meshaki alisimama mlangoni kwa Asmani, akatazama ukutani. Asmani hakungoja aombwe. Alilishusha lile gitaa zima, akalifuta vumbi kwa shati lake safi, ambalo mimi ndiye niliyelifua.

"Karibu, Baba Keren! Karibu sana! Minajua kwaya iko na shida. Kaa hapa ku benchi, ujaribu. Ee, batu, kujeni! Leo tutasikia gitare!"

Watu wakaja. Muuza maandazi aliacha mafuta yakichemka. Meshaki alilipokea gitaa, akaangalia benchi, akaangalia watu, akalirudisha taratibu.

"Nitapita kesho, kaka."

Kesho yake alipita kweli, ila alipita upande wa pili wa barabara. Asmani akasema ni bei. Akapunguza. Meshaki akaja tena, akaitwa benchini, akakumbuka ghafla kwamba ana mtu anamsubiri. Asmani akapunguza tena, mpaka nikamuuliza kama anauza gitaa au anaomba msamaha. Mara ya tatu Meshaki hakufika hata mlangoni. Aliona benchi, akageuka.

Baada ya hapo ndipo Kornelia alipokuja kwenye meza yangu sokoni.

"Amahoro, Mama Zena."

"Amahoro, Mama Keren. Angalia huyu mukeke, iko anakuangalia pia."

Hakumwangalia mukeke. Akainama. "Nakuambia neno, usimfikishie mumeo. Baba Keren ameagiza gitaa kwenye simu."

"Ku simu?"

"Kuna duka la mtandaoni. Unaona picha, unalipa, linakuja. Linapitia kwa binamu yangu Kigoma."

"Aliishika?"

"Utashikaje picha, shoga yangu?"

Hapo ndipo nilipoweka kisu chini. Neno hilo nililitunza moyoni mpaka chakula cha mchana, na kwangu huo ni muda mrefu sana.

Asmani aliposikia aliacha kula. "Bila kuijaribu?"

"Bila."

"Watu wanakatazwa kununua mbuzi ndani ya gunia," akasema, "na huyu hata gunia hakuona! Ameona foto ya gunia! Bon. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Utaniambia."

Nikamwambia ameachwa na mteja kama mke anavyoachwa, asubiri eda yake iishe. Hakucheka. Ndipo nilipoona kwamba jambo hili limemchoma, na wala si kwa sababu ya fedha, maana bei aliyofikia haikuwa na faida hata ya sindano.

Boksi lilifika juu ya gari la kutoka Nyanza-Lac, limelazwa kati ya vibidoni, yale madumu ya mawese, na kona moja imelowa mafuta. Watu wa stendi walikisia. Wengine walisema ni televisheni, wengine wakasema ni mlango. Njia ya kutoka pale kwenda kwa Meshaki ni moja, na inapita mbele ya benchi letu. Meshaki alijitwisha boksi kichwani, kwa namna ambayo lilimficha uso. Asmani naye alichukua redio nzima, akaifungua, akajifanya anaitengeneza. Redio hiyo haijasema neno mpaka leo.

"Humusalimie?" nikamuuliza chini chini.

"Niko ku kazi."

Tukangoja kusikia. Siku ikapita, na nyingine, hakuna kitu. Jumapili kwaya iliimba bila gitaa, sauti tupu, Tadeo akivuma peke yake kama ng'ombe aliyepotea. Asmani alikuwa amekaa upande wa nyuma na gitaa lake mapajani, akingoja mtu wa kumfukuzia. Aliporudi ndani alisema, "Pengine ile ya simu haina sauti." Alilisema kama mzaha, lakini uso wake haukuwa wa mzaha.

Dote ilikuwa Jumamosi inayokuja. Nikachukua mikeke wawili, nikapanda kwa Meshaki. Kornelia alikuwa uani. Hakunijibu hodi, alinyoosha mdomo tu kuelekea stoo ya mawese. Ndani ya stoo kulikuwa na sauti kama ya paka aliyekanyagwa mkia, akaombwa radhi, akakanyagwa tena.

"Shemeji," nikaita mlangoni. "Ni Mwasiti. Nimeleta samaki."

Sauti ikakatika. Nikaingia bila kualikwa, ndivyo nilivyo. Meshaki alikuwa amekaa juu ya kibidoni, na mapajani ana gitaa zuri, jamani, zuri, rangi ya asali, linang'aa kama mukeke wa alfajiri. Uzi mmoja ulikuwa umekatika na unaning'inia.

"Baba Keren," nikamwambia, "mficha uchi hazaake. Sema."

Akasema. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo, wala sidhani kama mkewe amewahi.

"Shemeji, mimi nina shoto. Kule kambini gitaa lilikuwa moja, la watu wote. Nani angekubali nibadilishe nyuzi? Nikaligeuza tu. Nene zikawa chini, nyembamba zikawa juu, vidole vyangu vikajifunza hivyo, kichwa chini miguu juu. Tuliporudi huku, Jumapili ya kwanza kanisani, watu walicheka mpaka mchungaji akapiga meza. Tangu siku hiyo napigia nyuma ya spika."

"Njo maana ulikimbia benchi."

"Ndiyo maana." Akalipapasa gitaa. "Halafu kwenye simu nikaona wameandika: gitaa la wenye shoto. Shemeji, nililia. Nilisema, kumbe yuko mtu mahali fulani, hanijui, na amekaa akanifikiria mimi. Ningenunuaje jingine?"

"Sasa shida iko wapi?"

"Shida ni kwamba ni la wenye shoto kweli. Nyuzi zimepangwa sawasawa kwa mkono wangu. Nene juu, nyembamba chini, kama mtu yeyote anavyopiga. Na mimi sijui kupiga kama mtu yeyote."

Alikuwa amejaribu kuzigeuza nyuzi mwenyewe. Ule mnene ulikataa kukaa kwenye mkato wa mwembamba, na mwembamba ukawa unacheza kwenye mkato wa mnene, akakaza, ukakatika.

Nilitaka kucheka. Mtu amekimbia kuchekwa na mtaa, akaagiza kichekesho kingine kutoka ng'ambo na kukilipia usafiri. Lakini nilimwangalia vile alivyolishika lile gitaa, na nikamwonea huruma, na huruma kwangu hutoka kama hasira.

"Na Asmani iko pale chini, na gitare iko ku ukuta, ya kawaida, ya kugeuza vile unapenda!"

"Nitamtazamaje Asmani?"

"Na macho!"

"Na benchi, je? Nimgeuzie gitaa mbele za watu, kwa kushoto? Yeye ambaye hapokei hata noti kwa kushoto?" Akanishika kwa macho. "Usimwambie, shemeji. Niahidi."

Nikaahidi, kwa bahati mbaya.

Nyumbani nikamwambia Asmani kwamba gitaa la Meshaki limekataa.

"Apigie simu fundi wa simu."

"Umubebee ile ya ukuta. Siku zimebakia kidogo."

"Akuje ku benchi kama batu wote."

"Hawezi benchi."

"Juu ya nini?"

"Sisemi sababu."

"Bon, na miye siendi."

"Bon," nikasema na mimi. Nikakaanga mukeke mkubwa, nikamtia limau na pilipili, nikampiga picha akiwa kwenye sahani, nikamtumia Asmani kwenye simu yake. Kisha nikala.

Simu yake ikalia pale alipokaa. Akafungua. Akatazama picha, akanitazama mimi na mfupa mkononi, akarudi kwenye picha.

"Na hii ni nini?"

"Chakula yako. Kama batu wanaweza kununua gitare ku foto, na wewe unaweza kushiba ku foto."

Nilidhani atakasirika. Badala yake aliisogeza simu pembeni, akasema taratibu.

"Mama Zena, unajua juu ya nini ile gitare iko ku ukuta mpaka leo? Mutu moja ya Bujumbura alikuja, alitaka kuibeba siku ileile, feza iko mu mukono. Nikakatala. Nilimuambia iko na mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Ule mwenye anapigaka nyuma ya ukuta kila siku ya Mungu. Kila mwaka minasema, siku moja atakuja. Sasa alikuja. Akaishika, akairudisha, akakimbia. Basi nilijua gitare yangu haifai kwa mutu kama ule."

Nilimpa samaki. Nilikuwa nimemfichia wake, sina roho mbaya kiasi hicho. Nikamwambia Meshaki hakulikimbia gitaa, alilikimbia benchi.

Ijumaa baada ya swala Asmani hakuvua hata kanzu. Alifunga duka, akalitundika lile gitaa mgongoni, akapanda mtaa mzima kwa miguu, mimi nyuma yake na nyuzi za akiba kwenye mfuko. Watu wakamuuliza kama amehamia kwaya. Akaongeza mwendo. Mtu ambaye kila mtu lazima amfuate benchini alikuwa anapeleka gitaa nyumbani kwa mteja, na mji mzima uliona.

Kornelia alituwekea viti uani. Asmani alimpa Meshaki gitaa, akasema tu, "Pole na kazi, ndugu yangu. Jaribu."

Meshaki alinitazama mimi. Mimi nikatazama kuku. Nilikuwa nimeahidi, na sikuwa nimesema chochote.

Akaligeuza. Shingo ya gitaa ikaenda kulia, mkono wa kushoto ukashuka kwenye nyuzi. Asmani akafungua mdomo. Meshaki alifumba macho, kama mtu anayengoja sindano, akapiga, na mvua ikaanza kushuka kwenye bati, na besi ikatembea chini yake taratibu.

Asmani aliruka kutoka kitini akicheka. Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Meshaki akaacha kupiga, uso wake ukafungwa kama mlango, na mimi nikatafuta kitu cha kumpiga nacho mume wangu.

"Njo vile!" Asmani akapiga kelele. "Njo vile! Rudilia! Miaka yote minafukuza hii kipande nyuma ya ukuta, vidole vinataka kuvunjika! Kumbe nyuzi ya ndogo iko juu, kidole gumba njo kinaimba! Mutu ya mukono ya kuume hataipata hata siku moja! Hata akufe! Ee Mungu wangu, kumbe sikuwa mujinga!"

Akaukamata mkono wa kushoto wa Meshaki kwa mikono yake miwili, akautikisa na kuutikisa. Huyo ni Asmani, ambaye hurudisha bidhaa rafuni kwa ajili ya noti iliyotolewa kwa kushoto. Meshaki akaanza kucheka. Kornelia alitoka jikoni kuona ni nani huyo anayecheka nyumbani kwake, maana hakuitambua sauti.

Kisha Asmani akaomba kuliona lile la simu. Alilikagua kila upande, alilinusa lile doa la mawese kwenye boksi, akatia uzi mpya pale palipokatika, akaligonga tumboni.

"Siwezi kusema uongo," akasema. "Hii iko muzuri kupita yangu. Na mu butike yangu kitu kama hii haingefika, sikuwa najua hata kama inatengenezwaka. Haina kosa. Iko tu haina mutu."

Keren alikuwa anatuletea chai. Sinia aliibeba kwa kushoto, na alipotuona akaihamisha kulia, vikombe vikagongana. Meshaki alimtazama binti yake, akatazama gitaa.

"Lina mtu," akasema.

Jumamosi watu walijaa. Turubai lilifungwa, viti vikapangwa, Tadeo akaombwa kwa upendo asimame. Asmani alikuja na benchi lake kichwani. Nilimuuliza haya ni maonyesho gani, akasema hakuna chombo kinachotoka kwake bila benchi, harusi au si harusi.

Watu wa Kabonga walikuja na msemaji wao, mzee Ntakirutimana, mtu wa koti refu na maneno marefu zaidi. Alianza na ziwa. Akaenda kwenye mvua. Akapita kwa mababu wa pande zote mbili, akawaulizia hali zao mmoja mmoja ingawa ni marehemu, akarudi ziwani. Fanta zikapoteza ubaridi wake wote. Hatimaye akaomba binti, akakaa, na macho yote yakahamia kwa Meshaki.

Meshaki alisimama. Alikuwa amevaa koti ambalo Kornelia alilipiga pasi mara mbili. Alikwenda benchini, akakaa, akaligeuza gitaa, na mkono wa kushoto ukaonekana na kila mtu. Minong'ono ikapita chini ya turubai, hasa upande wa Kabonga.

Akapiga. Ulianza kidogo, wimbo wa kumtuliza mtoto, hakuna makeke ndani yake. Halafu mvua ikashuka. Mimi nimewahi kuisikia kupitia ukutani, lakini kupitia ukutani ni kama kumjua mtu kwa kikohozi chake. Keren alikuwa amekaa kati ya shangazi zake, amefunikwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa kinatikisika. Hakuna aliyecheka. Nilizungusha macho nikitafuta wa kucheka, nimekwisha kukunja ngumi, sikumpata.

Alipomaliza, mzee Ntakirutimana akasimama tena. Kazi ya msemaji ni kutafuta kosa, vinginevyo sherehe haina ladha.

"Murakoze," akashukuru. "Tumesikia, na ni muzuri. Lakini iko neno moja. Sisi watu ya Kabonga, mutu akitupatia kitu na mukono ya kushoto, tunaelewa kama hapendi kutupatia. Sasa huyu baba ametujibu na mukono ya kushoto, mbele ya batu yote. Tuelewe namna gani?"

Alikuwa anatania, nusu. Lakini ile nusu nyingine ilikuwepo, na watu waliacha kutafuna. Kornelia alifumba macho. Gitaa lilikuwa limekwisha kusema, na sasa yalitakiwa maneno, kutoka kwa mtu asiyekuwa nayo.

Meshaki aliutazama mkono wake uliokuwa bado juu ya nyuzi.

"Umeelewa vizuri, mzee," akasema. "Sipendi kumtoa."

Akamtazama Keren.

"Lakini ameniomba mwenyewe," akasema. "Basi mchukueni."

Mzee Ntakirutimana hakurudi ziwani wala kwenye mvua safari hii. Nasikia haijawahi kumtokea. Alivua kofia yake, akajipangusa nayo macho, akakaa. Mimi nilikuwa nalia na nina hasira, kwa sababu nilikuwa nimepaka wanja.

Ndipo sauti ya mume wangu ikatoka nyuma ya benchi:

"Imepita!"

Vigelegele vikaanza upande wetu, vikadakwa upande wa Kabonga, na Tadeo, kwa furaha, akakaa. Ilikuwa kwenye ndoo tu, hakuna hasara.

Wakati watu wanacheza, Meshaki alileta lile boksi lenye doa la mawese, akaliweka mbele ya binti yake, akalifungua. Maneno ya siku hiyo alikuwa ameyamaliza. Keren alikitupa kitambaa nyuma, akalipakata lile gitaa la asali, na bila kufikiri akaupeleka mkono wa kushoto kwenye nyuzi. Kornelia alikuwa amesimama pembeni yake. Aliinua mkono amchape, kama kawaida, kisha akautumia kumtengenezea kitambaa.